Moshi Hauna Mpaka: Je, ni Haki Kukataza Sigara Penye Watu?

Wako wenzetu wanaouliza swali hili kwa sauti ya chini baada ya ibada, na wako wanaouliza kwa hasira: serikali ina haki gani kumwambia mtu mzima asivute sigara penye watu, naye ameinunua kwa fedha yake, dukani, mchana kweupe? Sigara si bangi. Ushuru wake unaingia katika hazina ya serikali. Mkulima wa tumbaku kule Urambo au Namtumbo ni muumini kama sisi, na sadaka anayoitoa inatokana na zao hilo hilo. Ikiwa kulima ni halali, kuuza ni halali na kununua ni halali, kuvuta kunageukaje kuwa kosa?

Swali hili halijibiwi kwa kusema tu kwamba sigara ni mbaya. Mambo mengi ni mabaya na hakuna sheria inayoyakataza. Uvivu ni mbaya, umbeya unavunja nyumba za watu, lakini hatujaona askari wa kukamata wambeya. Anayesema sigara inaua amesema kweli, ila bado hajaonyesha kwamba ni haki kumzuia mwenzake asijiue polepole akipenda. Kwa hiyo tuyatenganishe mambo mawili. La kwanza: je, kuvuta ni kwema? La pili: je, ni haki kumkataza mtu kuvuta mahali tunapokutana sote? Makala haya yanahusu hilo la pili, ingawa mwishoni tutaona kwamba Mkristo hawezi kuishia hapo.

Anayevuta na anayevutishwa

Sisi tunaoishi Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, hatulitazami jambo hili kutoka mbali. Mji huu ulijulikana kwa uvuvi, kwa mafundi wa majahazi na ngalawa, na kwa mnara wake wa taa. Leo ufuko wote, kutoka hapa mpaka Kendwa, umejaa hoteli, baa na mikahawa. Wengi wetu tunaosali huku tumetoka Bara. Tulivuka bahari kwa boti, tukapanda daladala ya 116 kutoka mjini, tukatafuta kazi. Tunahudumia mezani, tunapika, tunatandika vitanda, tunalinda usiku.

Mfikirie kijana anayesimama nyuma ya kaunta ya baa. Mgeni anafika jioni, anakaa saa mbili, anavuta sigara nne au tano, analipa, anaondoka. Kesho kutwa anapanda ndege kurudi kwao. Kijana yule hakai saa mbili. Anaingia saa kumi jioni na kutoka usiku wa manane, siku sita kwa wiki, msimu wote wa wageni. Moshi wa kila meza unapita puani mwake. Mgeni alichagua kuvuta. Kijana alichagua kazi, moshi hakuuchagua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, na mwenyeji anaugua.

Mtu atasema: si aache kazi hiyo, atafute nyingine? Lakini ana mama Tabora anayesubiri fedha ya dawa, na mdogo wake yuko sekondari. Ukimwambia achague kati ya kifua chake na daftari za mdogo wake, umempa masharti ya mwenye njaa, na masharti ya mwenye njaa hayaitwi hiari. Hapa ndipo hoja ya uhuru inapogeuka. Wanaotetea sigara penye watu husema wanatetea uhuru wa mtu kuchagua. Vema. Basi tuuhesabu uhuru wa watu wote waliomo chumbani, na tusiishie kwa yule mwenye kiberiti.

Na madhara haya si ya kubuni. Mwaka 1981 mtafiti wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wake zaidi ya 91,000 ambao wenyewe hawakuvuta. Aligundua kwamba wale ambao waume zao walivuta sana walikufa kwa saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Makampuni ya tumbaku yalimpinga kwa miaka mingi, lakini tafiti za nchi nyingine zilimuunga mkono. Mwaka 2006 Mganga Mkuu wa serikali ya Marekani alihitimisha kwamba hakuna kiwango cha moshi huu kisicho na madhara, na kwamba feni, madirisha na vyumba vya kutenganisha havitoshi kumlinda aliye ndani. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wao wenyewe. Walivutishwa.

Sheria ilipofika

Tanzania Bara ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003. Inazuia kuvuta katika maeneo mengi ya umma, inaruhusu kutengwa kwa sehemu za wavutaji, na inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria za afya za Bara hazivuki bahari. Zanzibar hujitungia zake katika Baraza la Wawakilishi. Lakini mambo ya nje ni ya Muungano, na mwaka 2007 Jamhuri ya Muungano iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku. Ibara ya 8 ya mkataba huo inazitaka nchi ziwakinge watu na moshi katika sehemu za kazi zilizo ndani ya majengo, katika vyombo vya usafiri na katika kumbi za umma. Majirani nao wamekwenda njia hiyo hiyo. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2007. Uganda ilipitisha yake mwaka 2015, na inakataza kuvuta hata nje, ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma.

Uganda ina jambo la kutufundisha, kwa sababu kule swali letu lilifikishwa mahakamani kama lilivyo. Shirika moja la mazingira, TEAN, lilikwenda Mahakama Kuu ya Kampala kulalamika kwamba wanaovuta hadharani wanawanyima wengine haki yao ya kuishi na haki yao ya mazingira safi. Desemba 2002 mahakama ilikubali. Haikusema kwamba mvutaji hana haki. Ilisema kwamba asiyevuta anayo pia, na kwamba haki yake inavunjwa.

Kwetu Tanzania iko kesi ya zamani zaidi, nayo haikuhusu sigara. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishitaki Jiji kwa sababu ya jaa la takataka lililokuwa likiungua na kufukiza moshi na uvundo katika nyumba zao. Wakashinda. Jiji liliporudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kulitumia jaa lile, Jaji Lugakingira alikataa, akiikumbusha serikali ibara ya 14 ya Katiba inayolinda haki ya kila mtu kuishi. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 30, inaeleza kwamba mtu asiutumie uhuru wake kwa namna inayoingilia uhuru na haki za wengine. Tukikubali kwamba Jiji zima, pamoja na kazi yake muhimu ya kuzoa taka, halina haki ya kuwafukizia watu wa Tabata, kwa nini mtu mmoja mwenye pakiti ya sigara awe nayo?

Ukingo wa dari na moto wa shambani

Tukifungua Maandiko kutafuta neno sigara, hatulioni. Tumbaku ilikuwa bado haijulikani ng'ambo hii ya bahari. Lakini sheria ya Musa iliijua vizuri ile hali ya jambo langu kuvuka na kuingia kwako.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni: nyumba ni yake, dari ni lake, fedha ni yake. Hata hivyo Mungu anaingia katika ramani ya ujenzi wake, kwa sababu wengine watapanda pale. Kutoka 21 inamdai aliyechimba shimo akaliacha wazi na ng'ombe wa mwenzake akatumbukia. Na Kutoka 22:6 ndiyo inayotugusa zaidi: moto ukitoka ukashika miiba, ukala mavuno ya jirani, aliyeuwasha atalipa. Haulizwi kama alikusudia. Haulizwi kama alikuwa na haki ya kuwasha moto katika shamba lake, alikuwa nayo. Anaulizwa moto wake ulifika wapi.

Moshi wa sigara ni moto uliotoka shambani. Mwenye nao anaweza kuwa mtu mwema, mcha Mungu, mkarimu. Hayo yote ni kweli, na bado moshi wake umefika katika kifua cha mtu mwingine. Ndiyo maana tunasema sheria hii ni ya haki: haimhukumu mtu kwa tabia yake, inamdai kwa mahali moto wake ulipofika. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, alishikilia kwamba jamii isimlazimishe mtu ila kwa kuzuia asiwadhuru wengine. Alisifiwa kwa wazo jipya. Lakini Mwisraeli aliyekuwa akijenga ukingo wa dari lake alikwisha kulielewa zamani.

Je, tunaongeza amri ambazo Mungu hakuziweka?

Pingamizi moja linatoka ndani ya Kanisa, nalo linastahili heshima. Bwana wetu, katika Marko 7, alifundisha kwamba kinachomwingia mtu sicho kinachomtia unajisi. Je, hatufanyi kosa la Mafarisayo, kuwatwika watu mizigo ambayo Mungu hakuwatwika?

Historia inatuonya tuwe waangalifu. Charles Spurgeon, mhubiri maarufu wa Kibaptisti wa London, alivuta sigara kubwa za majani na mwaka 1874 alijitetea hadharani kwamba hakuona dhambi ndani yake. Wako waliochukizwa, wako waliomwelewa, na hatuwezi kusema kwamba Mungu aliacha kumtumia kwa sababu hiyo. Upande wa pili, mwaka 1642 Papa Urban VIII alikataza tumbaku ndani ya makanisa ya jimbo la Seville huko Hispania, kwa kuwa mapadri na waumini walikuwa wakiitumia hata wakati wa ibada. Katika siku zetu, Vatikani ilikataza kuvuta katika maeneo yake ya umma mwaka 2002, na tangu 2018, kwa agizo la Papa Francis, haiuzi tena sigara.

Ndani ya historia hiyo mna tofauti inayotusaidia. Kama kuvuta ni dhambi kwa mvutaji mwenyewe, Wakristo wamebishana kwa karne nyingi. Lakini hata zile zama ambazo tumbaku ilikuwa anasa ya wakubwa, Kanisa liliweza kusema: si hapa, penye ibada ya watu wote. Kwa hiyo tunapounga mkono katazo la penye watu, hatuongezi amri ya kumi na moja. Tunaifuata ile ya pili iliyo kuu, ya kumpenda jirani. Paulo, katika 1 Wakorintho 8, hakusema nyama ni haramu. Alisema kama nyama inamwangusha ndugu yake, yuko tayari asile nyama kabisa. Alikuwa na haki, akaiweka chini, kwa sababu mezani palikuwa na mtu mwingine.

Somo la mwezi wa Ramadhani

Hapa Unguja tunalo fundisho ambalo Wakristo wa sehemu nyingine hawana. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, mchana hakuna kula, kunywa wala kuvuta barabarani. Mikahawa ya mitaani hufungwa. Sisi tusiofunga tunakula ndani, tukiwa tumefunga mlango. Baadhi yetu hunung'unika kwamba tunabanwa kwa imani isiyo yetu.

Tulinganishe mambo haya mawili kwa uaminifu. Andazi ninalokula njiani haliliingii tumbo la jirani yangu aliyefunga. Ninapolificha, ninampa heshima tu, adabu ya ujirani, kumpunguzia jaribu. Moshi wangu unamwingia. Kwa hiyo, katazo la sigara penye watu lina msingi imara zaidi kuliko hata lile ambalo wengi wetu tumelizoea na kulifuata kila mwaka. Na tukiwataka majirani zetu watupunguzie moshi kwenye daladala na vibarazani, itakuwa ajabu tukiona uzito kufunika sahani zetu mwezi mmoja kwa ajili yao. Heshima haiendi upande mmoja.

Ramadhani inatuonyesha jambo jingine pia. Wako majirani zetu wavutaji wakubwa ambao, mwezi huo, hawagusi sigara tangu alfajiri mpaka magharibi, siku 29 au 30 mfululizo. Wanateseka, hasa siku za kwanza, lakini wanaweza. Anayesema kumzuia mtu asivute ndani ya ukumbi kwa saa mbili ni kumtesa kupita kiasi, akawaulize hao.

Na liko jambo la adabu yetu ya pwani ambalo watungaji wa sheria wa mbali huenda hawalifikirii. Kwetu kijana hamwambii mzee azime sigara. Anampa shikamoo, anakaa kwenye baraza, anameza moshi, ananyamaza. Mke hamwambii mkwewe. Mhudumu hamwambii mgeni ambaye bahashishi yake ndiyo nauli ya kurudi nyumbani. Wanaosema watu waelewane wenyewe bila sheria wanasahau kwamba katika maelewano hayo anayenyamaza siku zote ni mdogo. Kibao kilichobandikwa ukutani kinasema kwa niaba yake, naye hajamvunjia mtu heshima.

Katazo linapoacha kuwa la haki

Tukisema sheria hii ni ya haki, hatujasema kwamba kila namna ya kuitekeleza ni ya haki. Ziko njia tatu ambazo inaweza kuharibika, na Kanisa halina budi kuzisema.

Ya kwanza ni upendeleo. Yakobo, katika sura ya 2, anawakemea wanaomketisha pazuri mwenye pete ya dhahabu na kumsimamisha maskini. Kama mvuvi wa Nungwi ataamriwa azime sigara yake penye watu, na hatua ishirini kutoka hapo mgeni wa hoteli akaachwa na sigara yake ndani ya ukumbi kwa sababu analipa kwa dola, basi sheria imekwisha kuwa mkuki kwa nguruwe. Na kama faini itageuka kuwa ya mfukoni, sheria itakuwa imezaa dhambi kubwa kuliko ile iliyotaka kuizuia. Sheria isiyowagusa wote sawa haimlindi kijana wa kaunta, kwa sababu yule anayemvutisha ndiye aliyesamehewa.

Ya pili ni kumfukuza mtu badala ya moshi. Nikotini inamshika mtu. Wengi walianza wakiwa vijana wadogo, kwa sigara moja iliyouzwa rejareja kwenye kibanda, kabla hawajajua wanaingia wapi. Mtu aliyefungwa hivyo hahitaji kudharauliwa. Haki inataka awe na mahali: uwanja wa nje, mbali na milango, mbali na mapaa ya makuti yanayoshika moto kwa cheche moja, penye kopo la kutupia vipisi. Hilo la kopo si dogo. Kichungi cha sigara kinatengenezwa kwa plastiki, na kila kipisi kinachotupwa mchangani kinaishia katika bahari ile ile inayotupa samaki na kasa.

Ya tatu ni unafiki. Tukipiga kelele juu ya sigara na kunyamazia moshi mwingine, watu watatucheka, na watakuwa na haki. Mama anayepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha anavuta moshi kila siku ya maisha yake, na hatujasikia mahubiri mengi juu yake. Tunachoma taka na majani nyuma ya nyumba, upepo unapeleka kwa jirani aliyeanika nguo na aliyelaza mtoto. Hata uvumba wetu kanisani, kwa wale wanaoutumia, uangaliwe kama kuna mwenye pumu katika viti vya mbele. Tofauti zipo: mama yule hana jiko jingine, na uvumba ni wa dakika chache. Lakini kanuni ni moja, na anayeitumia kwa wenzake lazima akubali itumike kwake. Na mkulima wa Urambo tusimtukane. Yeye hajamfukizia mtu yeyote, analima kinachonunuliwa. Anayetaka aache zao hilo amwonyeshe zao jingine lenye soko, na katika hilo makanisa ya maeneo ya tumbaku yana kazi kubwa kuliko sisi.

Sheria inapoishia mlangoni

Sasa turudi kwa wale wake wa Japani. Hawakuwa kwenye baa. Hawakuwa kwenye daladala. Moshi uliowaua waliukuta nyumbani, kutoka kwa watu waliowapenda.

Sheria za penye watu haziingii humo. Askari hapigi hodi chumbani kuuliza nani anavuta mbele ya mtoto mchanga, na pengine ni vema asipige. Serikali inayochungulia vyumba vya watu ina madhara yake. Lakini hapo ndipo tunapojua kama tulielewa. Mtu anayezima sigara akiona kibao hotelini na kuiwasha akifika kwake, penye mke mjamzito, ameogopa faini tu. Ukingo wa dari ulijengwa kwenye nyumba ya mtu, si sokoni. Walioandamana na Bwana hawakuitwa kufanya kile tu ambacho sheria inaweza kukikamata.

Kwa hiyo tunawauliza ndugu zetu wanaovuta, bila kuwahukumu: kama mhudumu usiyemjua jina anastahili hewa safi, binti yako anastahili nini? Kama huwezi kuacha leo, je, unaweza kutoka nje leo? Hatua kumi mpaka chini ya mnazi si safari ndefu. Na tunawauliza ndugu wasiovuta, ambao huenda wamesoma makala haya wakitikisa kichwa kwa kuridhika: ni mara ngapi mmemsema mvutaji pembeni, na ni mara ngapi mmekaa naye anapojaribu kuacha, usiku ule wa tatu au wa nne mwili unapomdai?

Yako mambo ambayo hatuhitaji kusubiri Baraza la Wawakilishi tuyafanye. Msibani, wanaume tunapokesha kwenye mikeka, wavutaji wakae upande upepo unakokwenda, si unakotoka, na wasivute kabisa chini ya turubai walipo wazee na watoto. Harusini, mshereheshaji atangaze mapema, kwa maneno ya heshima, mahali pa kuvutia ni wapi. Uwanja wa kanisa usiwe na moshi, na pawe na mtu wa kumwonyesha mgeni njia kwa tabasamu badala ya kumkazia macho. Mtoto asitumwe dukani kununua sigara, hata ya babu. Na mwenye duka kati yetu, asimuuzie mtoto, hata akitumwa.

Tuliuliza kama ni haki. Tunajibu: ndiyo, ni haki kukataza moshi mahali ambapo mwingine hawezi kuondoka, mradi mkubwa na mdogo wakatazwe sawa, na anayekatazwa aachiwe mahali pa kusimama na mkono wa kumsaidia. Haki inadai hayo tu. Upendo unadai zaidi, na mtu wa kwanza kuudai kwetu ni yule tunayelala naye nyumba moja, ambaye kwa kutuheshimu hajawahi kutuambia kwamba moshi wetu unamkohoza.